Mtamba wa Bi Atuganile na Bomba la Mvua

Hapo zamani, na wala si zamani zile za sungura kuzungumza, bali zamani hii ya juzijuzi watu walipoanza kuchoshwa na ndoo, palikuwa na mama mmoja katika mji wa milimani, mji wa migomba na chai, wenye baridi ya kumfanya mtu asalimie huku amebana mikono kwapani. Mama huyo aliitwa Bi Atuganile. Mji mzima ulimheshimu. Na heshima hiyo, wasikilizaji wangu, msiichukulie kijuujuu, maana ndiyo itakayotutia matatani.

Bi Atuganile alizaa watoto wanne, akawaogesha wote wanne, kisha akawaogesha na wajukuu. Siku moja akiwa shambani anakata majani ya mgomba, aliteleza akaangukia bega. Bega likapona kwa namna yake. Mkono wa kulia ukagoma kupanda kupita kifua, na wa kushoto, ambao ulikuwa umegoma siku nyingi kwa ugonjwa wa viungo, ukafurahi kupata mwenzake. Kiuno nacho kikakataa kuinama.

Basi aliyewaogesha watu akawa mtu wa kuogeshwa. Aliyemwogesha ni mkwe wake Tumpe, mke wa mwanawe aliyefanya kazi mbali na kuonekana nyumbani Krismasi kwa Krismasi. Kila jioni Tumpe alichemsha maji, akayachanganya na ya baridi, akayajaribu kwa kiwiko, akamkalisha mama mkwe kwenye kigoda, akammwagia kopo baada ya kopo. Alifanya hivyo miaka miwili. Hakulalamika hata siku moja.

Bi Atuganile alimshukuru, na papo hapo alimwonea aibu. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja moyoni mwake na hayakupatana. Aibu ilizidi ile jioni Tumpe alipomwambia, "Funga macho, mama, sabuni inakuja," kwa sauti ya kumbembeleza mtoto wa chekechea. Bi Atuganile alifunga macho kama alivyoambiwa. Lakini akiwa amefumba vile aliapa kwamba hatakufa kabla ya kujiogesha mwenyewe, walau mara moja, peke yake, mlango ukiwa umekomewa kwa ndani.

Sasa, alikuwa na mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, mwekundu mwenye paji jeupe. Wanunuzi walikuwa wamemtaka mtamba yule wakachoka. Majirani walikuwa wamemsifia mpaka Bi Atuganile akaanza kumfunga uzi shingoni asije akapatwa na kijicho. Jumapili moja, mbele ya akina mama wa kwaya na mbele ya balozi wa mtaa, Bwana Mwaisunga, mtu aliyependa kesi kuliko chakula, Bi Atuganile alisimama akasema:

"Atakayeniwezesha kuoga peke yangu, mlango nimeukomea kwa mkono wangu, mtamba wangu mwekundu ni wake."

Balozi akarudia maneno yale mara mbili ili yasipotee. Watu wakaenda zao wakiwa wameyashika.

Wa kwanza kufika alikuwa Fundi Gwakisa. Huyu alikuwa mrefu kuliko wanaume wote wa mji ule, na hapakuwa na mlango ambao haujawahi kumgonga paji. Alifika, akatazama bafu, akatikisa kichwa, akauliza: "Nani aliwajengea hii?" Msishangae. Fundi asipoanza na swali hilo, jueni si fundi.

Gwakisa alifanya kazi ya kweli, tusimnyime haki yake. Alisimamisha mnara wa nguzo akapandisha tangi juu. Alitindua ukuta akalaza paipu, akaunga viungo, akafunga hita na bomba la mvua, akapiga plasta, akaweka sakafu upya. Siku tisa alitokwa jasho kwenye baridi ile, na siku tisa Tumpe alimletea chai na viazi vitamu, akasimama kando kumtazama.

Siku ya nane ikafika saa ya kufunga koki, ile ya kuzungusha, inayofungulia maji. Iwekwe wapi ukutani? Mnajua namna ya kujua. Unamwita atakayeoga, unamwambia simama hapa, inua mkono, nionyeshe unapofika. Hilo hata mtoto analijua. Lakini kijana gani mwenye adabu atamwambia mama wa watu, mama anayeheshimiwa na mji mzima, aje asimame bafuni aonyeshe anavyooga? Gwakisa aliona haya hata kulitaja neno kuoga mbele yake. Alikuwa akisema "ile shughuli." Kwa hiyo aliingia mwenyewe, akasimama mwenyewe, akainua mkono wake mwenyewe, akaweka alama ya chaki pale mkono wake ulipofika. Akatindua hapo, akafunga koki hapo.

Siku ya tisa akaifungulia. Maji yakashuka ya moto, mengi, yanafuka mvuke. Akina mama wakapiga vigelegele. Balozi Mwaisunga aliweka mkono chini ya maji akasahau kuutoa. Bi Atuganile akasema mtamba atachukuliwa Jumapili baada ya ibada, mbele ya watu walioisikia ahadi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jioni akaingia. Akakomea mlango kwa mkono wake, na sauti ya komeo ikampendeza kuliko wimbo. Akavua nguo. Akainua mkono wa kulia, ukaishia kifuani. Akainua wa kushoto, ukaishia chini ya hapo. Akasimama kwa ncha za vidole vya miguu. Koki ilikuwa kule juu inamtazama.

Alisimama hivyo akitetemeka kwa baridi kwa muda ambao mtu mwingine angekuwa ameoga mara mbili. Kisha akavaa nguo zake, akatoka.

"Maji vipi, mama?" Tumpe akauliza.

"Mazuri," akajibu. "Mazuri sana."

Kwa nini alidanganya? Kwa sababu kusema kweli kulimaanisha kumwita yule kijana mrefu na kuzungumza naye habari za mabega yake na kifua chake. Angeweza pia kumwomba Tumpe amfungulie maji kisha atoke, lakini hapo angekuwa ameingia bafuni na mtu tena, na yeye alikuwa ameapa. Aliona bora anuke kidogo kuliko kuanza upya kusaidiwa.

Jumanne akaingia, akatoka mkavu. Jumatano akaingia na mwavuli. Tumpe alimwona mama mkwe wake anaelekea bafuni na mwavuli mkononi, lakini mkwe hamuulizi mama mkwe anakwenda kuogaje. Bi Atuganile alijaribu kuinasa koki kwa mpini uliopinda, lakini koki ile haivutwi wala haisukumwi, inazungushwa, na mwavuli ukafunguka wenyewe mle ndani ukambana ukutani. Alitoka akasema maji mazuri. Alhamisi vilevile. Kila asubuhi Tumpe alianika kambani taulo kavu kabisa, akalianua lilivyo. Ijumaa, kwenye mazoezi ya kwaya, akina mama walimwachia Bi Atuganile nafasi kubwa sana ya kukaa, na yeye akajua, na ikamuuma.

Jumamosi asubuhi Tumpe alitoka bila kusema anakwenda wapi. Mafundi wa maji katika mji ule walikuwa saba. Akarudi na Fundi Lutengano.

Lutengano alifika, akatazama bafu, akatikisa kichwa, akauliza: "Nani aliwafungia hii?" Tumpe alimwambia tu kwamba mama hafurahii maji, aangalie kuna nini. Naye Lutengano hakuuliza zaidi, kwa adabu ileile. Akaingia, akafunga mlango, akanyoosha mkono kwenye koki.

Hakuifikia. Lutengano alikuwa mfupi, na ufupi wake ulikuwa jambo lisilozungumzwa mbele yake. Akaangalia nyuma kama kuna mtu anamwona, akavuta sanduku lake la vifaa, akapanda juu yake, akafungulia. Maji mazuri, ya moto, hayana kasoro. Akashuka. Akatoka nje na uso wa daktari mwenye habari mbaya. Akasema koki hii imefungwa kinyume kabisa cha utaalamu, ni hatari, na nyumba ingeweza kupata matatizo makubwa ambayo hakuyataja. Akachukua tindo. Akavunja plasta ya mwenzake, akakata paipu, akaishusha koki mpaka usawa wa kifua chake mwenyewe, akaunga, akaziba. Kazi safi. Akaifungulia akiwa amesimama chini, akatabasamu.

Jioni ile Bi Atuganile aliingia na mkono wa kulia ukaishia kifuani, na kifuani hapo koki ilikuwepo. Maji yakamshukia kichwani. Alipiga ukelele mdogo wa furaha, akaufunika mdomo. Lakini sabuni ilipomponyoka haikuokoteka, maana kiuno hakikuwa na habari za bomba jipya. Mgongo ulibaki. Miguu ilibaki. Alitoka akiwa ameoga nusu, nusu ya juu.

Jumapili asubuhi alikuta kitu kimening'inia kwenye mlango wa bafu. Ni dodoki, limefungwa imara kwenye mpini wa mwiko mrefu, ule wa kukorogea masufuria ya msibani. Ndani, kipande cha sabuni kilikuwa kimetiwa kwenye soksi, na soksi imefungwa kwa kamba kwenye koki. Benchi refu la jikoni lilikuwa limehamishwa na kuwekwa chini ya maji, kiasi kwamba mtu mwenye kiuno kigumu anaweza kukaa na kusimama bila kushikwa.

Hakuuliza nani. Akakomea mlango.

Siku hiyo, wasikilizaji wangu, Bi Atuganile alioga. Alisugua mgongo mpaka pale katikati ambapo hata Tumpe alikuwa akipaonea haya kupasugua sana. Alikaa kwenye benchi akasugua nyayo zake, moja, halafu ya pili, halafu ya kwanza tena kwa kuwa hakuna wa kumwambia zimetosha. Alilia kidogo, na ilikuwa raha kulia mahali ambapo machozi hayana kazi ya kufutwa. Ibada ilimpita. Alitoka akiwa amekunjamana vidole na anang'aa, akakuta uani watu wamejaa, balozi amekaa kwenye kiti, na Fundi Gwakisa amesimama na kamba mkononi.

Fundi Lutengano naye amesimama na kamba mkononi.

Balozi akauliza, mbele ya wote, kama mama ameoga. Bi Atuganile akasema ameoga, peke yake, na mlango aliukomea mwenyewe. Balozi akasema vema, basi mafundi waseme.

Gwakisa akasema: "Balozi, maji yaliyomwogesha mama ni yangu. Tangi ni kazi yangu, paipu ni kazi yangu, hita ni kazi yangu. Ondoa kazi yangu, huyu mwenzangu ana koki mkononi na ukuta mkavu. Mtamba ni wangu."

Watu wakaitikia kwamba kweli, mtamba ni wake.

Lutengano akasema: "Balozi, maji ya Gwakisa yalikuwepo Jumatatu. Yalikuwepo Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Mama alioga lini? Muulize." Balozi akamwuliza, na Bi Atuganile, kwa sauti ndogo, akakiri kwamba siku zile tano hakuoga. Akina mama wa kwaya wakatazamana. "Mimi niliishusha koki asubuhi," akamaliza Lutengano, "na jioni mama akalowa. Mtamba ni wangu."

Watu wakaitikia kwamba kweli, mtamba ni wake.

Hapo balozi, kwa kuipenda kesi, akachokonoa. Akamwuliza Lutengano alijuaje kwamba mama haifikii koki, na yeye hakumwuliza mtu. Lutengano akasema ni utaalamu. Balozi akauliza utaalamu gani. Lutengano akatazama kamba yake, akatazama watu, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli akibanwa, akasema:

"Sikujua kama mama haifikii. Mimi mwenyewe nilikuwa siifikii."

Ua mzima ukacheka, na aliyecheka zaidi ni Gwakisa. Lutengano akangoja wamalize, kisha akasema kwamba mtu akikuokoa kwenye maji huulizi kama alijitupa kwa kukupenda au aliteleza.

Ndipo Tumpe akasogea mbele. Hakuwa na kamba. Alisema hahitaji kamba, kwa kuwa mtamba tayari yuko kwenye zizi analolifagia yeye kila asubuhi. Watu wakacheka tena, lakini yeye hakucheka.

"Hawa wawili walipima miili yao," akasema. "Mwili wa mama ninaujua mimi. Nani alijua mgongo hafikii? Nani alijua hawezi kuokota sabuni? Dodoki nilifunga mimi, benchi niliweka mimi. Na huyu Fundi Lutengano mnadhani alikuja kwa bahati? Mimi mkwe, siwezi kusimama na mwanaume nikamweleza mikono ya mama yangu inaishia wapi. Nilichojua ni kwamba fundi hupima kwa mwili wake. Mrefu ameweka juu. Basi nikapita nyumba za mafundi wote, nikamleta aliye mfupi kuliko wote."

Watu wakaitikia, na safari hii kwa sauti kubwa, kwamba kweli, mtamba ni wake.

Lakini Gwakisa hakuwa mrefu bure. Alikuwa anaona mbali pia. Akamwuliza taratibu: "Shemeji, siku ya nane ulisimama na kikombe cha chai, ukaniona naweka alama ya chaki ukutani. Ulijua mama haifikii. Sawa, uliona haya kutaja mwili wake. Lakini ungeweza kuniambia shusha kidogo, fundi. Ni maneno matatu, hayana aibu yoyote ndani. Mbona ulinyamaza?"

Tumpe akamwacha Gwakisa, akamgeukia mama mkwe wake.

"Nilinyamaza kwa makusudi," akasema. "Mume wangu namwona Krismasi. Mchana mama yuko na wageni wake, mimi niko shambani. Saa pekee tuliyokuwa tunaongea sisi wawili ilikuwa saa ya kuoga. Ulinisimulia mambo ya ujana wako, mama, na mimi nilikueleza yangu, ambayo sijamweleza mtu. Nikaona koki inapanda, nikasema moyoni, acha ipande. Nilifikiri utaniita. Siku ya kwanza hukuniita, nikasema kesho ataniita. Siku ya tano nilipoona wanakukwepa kwenye kwaya, nikajiona mbaya, nikaenda kumtafuta fundi mfupi."

Bi Atuganile alikuwa ameshafungua zizi na ameshika kamba ya mtamba. Hasira ilimpanda, kwa kuwa zile siku tano za kusimama uchi akitetemeka mbele ya koki zilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyu. Na papo hapo alimpenda yule binti kuliko alivyowahi kumpenda, kwa kuwa miaka miwili yote alidhani anaogeshwa na mtu aliyechoka. Alikumbuka pia kwamba yeye mwenyewe alisema maji mazuri, tena mara tano, na kwamba neno moja la kweli kutoka kwake lingemaliza kesi kabla haijaanza.

Akamtazama balozi. Balozi Mwaisunga, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, alisema kesi hii imemshinda, na kwamba ahadi ni ya mama, mtamba ni wa mama, aamue mama.

Aliyenisimulia mimi aliishia hapo, akaniambia nami nikawaulize wenzangu. Yupo aliyeleta maji yote lakini hakuuliza ni ya nani. Yupo aliyeyafikisha mkononi mwa mama, na alikuwa anautafutia nafuu mkono wake mwenyewe. Na yupo aliyejua kila kitu tangu siku ya nane, akamwacha akae mkavu siku tano kwa kuogopa kumkosa, kisha akamfungia dodoki kwenye mwiko ili asimhitaji tena. Mama amesimama, kamba iko mkononi, mikono mitatu imenyooshwa kumwelekea. Semeni ninyi: je, nani alistahili?